Shahidi wa Baraza na Shahidi wa Imani: Riwaya ya Upelelezi na Riwaya ya Kihistoria ya Ukristo wa Awali katika Mandhari ya Tarime na Serengeti

Ikisiri

Riwaya ya upelelezi na riwaya ya kihistoria ihusuyo Ukristo wa awali huwekwa mbalimbali na wahakiki: ya kwanza katika fungu la riwaya pendwa, ya pili katika fungu la maandishi ya kidini. Makala haya yanadai kwamba tanzu hizi mbili zinakutana katika tatizo moja, yaani tatizo la ushahidi: nani aliona, nani anasema, na kwa nini aaminiwe. Hoja hiyo inapimwa kwanza kwa msamiati wa Kiswahili wenyewe, kisha kwa baadhi ya kazi zinazofahamika, na mwishoni kwa mazingira ya wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara. Huko, baraza la kumtafuta mwizi na mkutano wa kuungama dhambi yamekuwa na sura zinazokaribiana. Inaonyeshwa kuwa mtunzi atakayeisimulia historia ya waumini wa kwanza wa eneo hilo ana mengi ya kujifunza kutoka kwa mpelelezi wa kubuni, ila hana budi kumwacha mpelelezi huyo njiani kabla ya kufika mwisho wa safari.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuipima riwaya ya upelelezi kwa kigezo cha burudani. Husemwa kuwa kazi za aina hii zina msuko wa kuvutia na taharuki nyingi, ila maudhui yake ni haba. Kwa upande mwingine, masimulizi ya kuingia kwa Ukristo hupimwa kwa kigezo cha mafunzo: yanajenga imani ya msomaji au yanaibomoa? Vigezo vyote viwili vinaliacha nje swali la msingi linalohusu fani na maudhui kwa pamoja, nalo ni jinsi masimulizi yanavyomfikisha msomaji kwenye kusadiki.

Swali hili lina uzito wa pekee katika Mara. Misheni ya Wamennonite ilianzishwa Shirati mwaka 1934 na Elam Stauffer na wenzake waliotoka Marekani. Waadventista wa Sabato walikuwa wamekwisha kufika upande huo wa mashariki ya ziwa tangu wakati wa Wajerumani, na mapadre wa Maryknoll walianza kazi Musoma mwaka 1946. Kwa hiyo, Ukristo wa awali wa eneo hili ni jambo la kizazi cha mababu wa wasomaji wa leo. Mashahidi wake wa kwanza wamekwisha kufa au ni wazee sana. Kilichobaki ni barua na taarifa za wamisionari, maandishi machache ya wenyeji, na kumbukumbu za koo. Mtunzi anayekusudia kuandika riwaya juu ya kipindi hicho anakabiliwa na hali ileile ya mpelelezi anayefika mahali pa tukio baada ya muda mrefu kupita.

2.0 Msamiati wa Pamoja

Kabla ya kuziangalia kazi zenyewe, inafaa kuanza na lugha. Katika Kiswahili neno shahidi lina maana mbili. Shahidi ni mtu anayesimama mbele ya kadhi, hakimu au baraza na kueleza aliyoyaona. Shahidi pia ni mtu aliyekufa kwa ajili ya dini yake. Ndiyo maana vijana waliouawa Buganda kati ya 1885 na 1887, katika utawala wa Kabaka Mwanga, huitwa Mashahidi wa Uganda. Kiswahili kimelipokea neno hili kutoka Kiarabu, ambako maana zote mbili zipo. Hali kadhalika neno la Kigiriki martys lilimaanisha kwanza shahidi wa mahakamani, na baadaye, katika Kanisa la karne za mwanzo, likaja kumaanisha mfiadini. Matumizi ya makanisani yamejaribu kuzitenga dhana hizi kwa kutofautisha ushahidi na ushuhuda, lakini mzizi umebaki mmoja.

Kitenzi kukiri kina tabia hiyohiyo. Mshitakiwa hukiri kosa. Muumini hukiri imani. Kuungama nako ni kwa namna mbili: mtu huungama dhambi zake, na pia kuna ungamo la imani ambalo husomwa na kusanyiko zima. Katika hali zote hizi, mtu anasema hadharani jambo ambalo awali lilikuwa limefichika moyoni mwake.

Neno la tatu ni imani. Katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu Wakristo kama watu waaminio, mwanaanthropolojia Malcolm Ruel, ambaye alikuwa amefanya utafiti miongoni mwa Wakurya, alionyesha kwamba dhana ya kuamini ina historia yake ndani ya Ukristo wenyewe. Ilianza kama kumtumaini mtu. Ikawa tamko la mambo yanayosadikiwa, hasa baada ya Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325. Kisha ikawa hali ya ndani ya nafsi katika mafundisho ya Luther. Ruel alitahadharisha kuwa si haki kuichukua dhana yenye historia hiyo na kuibandika juu ya kila jamii kana kwamba watu wote huishi kwa kusadiki orodha ya mambo.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuiendeleza hoja hiyo kwa urahisi. Mzizi wa Kiebrania ambao Ruel anaanzia kwake ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupatia imani, amini, amana na mwaminifu. Amana ni mali aliyokabidhiwa mtu ili aitunze. Katika jamii za wafugaji wa Mara, ambako mtu huweza kuwaweka baadhi ya ng'ombe wake kwa rafiki anayekaa mbali ili msiba mmoja usimalize zizi lote, amana ni uhusiano wa kila siku. Imani kwa maana hii ya kwanza ni jibu la swali ambalo pia ni la mpelelezi: nani anaaminika?

3.0 Riwaya ya Upelelezi na Hukumu ya Imani

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa ikiwa na mgogoro na imani. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1960. Kama jina lake linavyoashiria, mahali pa tukio ni mahali pa mizimu. Watu wanayo maelezo yao tayari kuhusu kifo kilichotokea. Bwana Msa, mwenye kiko chake na utulivu wake, anakataa maelezo hayo na kuonyesha kuwa mkosaji ni binadamu. Kisima cha Giningi (1968) nayo inachukua jina lake kutoka katika simulizi za Unguja kuhusu makao ya wachawi. Tangu mwanzo, basi, mpelelezi wa Kiswahili hakuwa tu adui wa mhalifu. Alikuwa pia hakimu wa yale ambayo jamii inayasadiki.

Waandishi waliofuata walihamisha mandhari na kubadili mkazo. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, polisi na maisha ya mjini ndivyo vinavyotawala. Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), alimleta jasusi Willy Gamba anayelinda taifa na harakati za ukombozi, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Swali la mizimu likafifia. Adui akawa kibaraka, mlanguzi au mpelelezi wa nchi ya kigeni. Hata hivyo, mhimili wa masimulizi haukubadilika. Mtu mmoja mwenye akili kuliko wengine anakusanya dalili, anawasikiliza mashahidi, anawatenga waongo na wakweli, na mwisho anatangaza ukweli mmoja usiopingika.

Mhimili huu una nguvu na udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba unamfundisha msomaji kutomwamini mtu kwa sababu ya cheo chake. Mzee anayeheshimika huweza kuwa mwongo. Mtumishi anayedharauliwa huweza kuwa ndiye aliyeona. Udhaifu wake ni kwamba unaifanya jamii nzima iwe kundi la watuhumiwa na mashahidi wasioelewa wanachokijua, mpaka aje mtu wa kuwaelewesha.

4.0 Historia ya Imani katika Nathari

Katika nathari ya Kiswahili, simulizi ya kihistoria iliyo karibu zaidi na suala la waumini wa kwanza ni Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotolewa mwaka 1934. Inasimulia habari za watu waliokamatwa, wakauzwa, wakaokolewa baharini na meli za Waingereza, na kulelewa katika makazi ya misheni ya Freretown karibu na Mombasa. Thamani yake ni kubwa, kwani mtunzi alizaliwa katika jamii hiyo na alikuwa na masimulizi ya wazazi. Hata hivyo wahakiki wameonyesha mara kwa mara kuwa sura ya mkombozi wa Kiingereza imekamilika tangu ukurasa wa mwanzo. Kwa lugha ya makala haya, hukumu imetolewa kabla ya mashahidi kusikilizwa. Waliookolewa wanaeleza mateso na shukrani. Nafasi ya kueleza mashaka yao, hesabu zao na sababu zao za kuipokea dini mpya ni finyu.

Mfano wa pili unafundisha kwa ukimya wake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho jirani na Mara, alikuwa Mkatoliki aliyesoma seminari na aliyefanya kazi nyingi pamoja na mapadre. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwandishi huyu, aliyekuwa na ujuzi wa ndani kuhusu kuingia kwa Ukristo, alichagua kuandika juu ya maisha ya kabla ya wageni: ndoa, utasa, tiba, ulevi, urafiki. Ukimya huu usichukuliwe kuwa upungufu. Yamkini unatoa fundisho la kiutunzi: huwezi kueleza kwa nini watu waliipokea imani mpya kabla hujaeleza kwa uadilifu walikuwa wakiishi kwa tumaini gani.

Katika fasihi ya Magharibi, riwaya kuhusu karne za mwanzo za Ukristo zimekuwa nyingi, tangu Fabiola ya Kardinali Wiseman (1854), Ben-Hur ya Lew Wallace (1880), hadi Quo Vadis ya Henryk Sienkiewicz wa Poland. Iliyo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni The Robe ya Lloyd C. Douglas, iliyotolewa mwaka 1942. Mhusika wake mkuu, Marcellus, ni ofisa wa Kirumi aliyesimamia usulubisho. Baadaye anasafiri Galilaya akijifanya mnunuzi wa nguo zilizofumwa kwa mkono, na anawahoji watu waliomjua Yesu. Kwa msuko, huu ni upelelezi kamili: kuna kifo, kuna kielelezo ambacho ni vazi, kuna kujificha chini ya sura ya mfanyabiashara, na kuna mashahidi wanaotofautiana. Lakini mpelelezi huyu habaki nje ya kesi. Anagundua kuwa yeye mwenyewe ni mmoja wa wakosaji, na mwisho anauawa kwa ajili ya yale aliyoyasikia. Mpelelezi anageuka kuwa shahidi, kwa maana zote mbili za neno.

Kanisa lenyewe halijawahi kuutenga upelelezi na imani kwa kiasi ambacho wahakiki wameutenga. Kabla ya Mashahidi wa Uganda wa Kikatoliki kutangazwa wenye heri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964, walioishi nao walihojiwa chini ya kiapo na maelezo yao yakaandikwa. Kufa kwa ajili ya imani kulihitaji kuthibitishwa na mashahidi wa aina ile nyingine.

5.0 Mandhari ya Tarime na Serengeti

5.1 Baraza na kiapo

Kwa Wakurya wa Tarime na wenzao wa upande wa Kenya, iritongo ni mkutano wa hadhara wa jamii unaosikiliza mashauri, yakiwemo ya wizi. Pamoja nao kuna inchama, halmashauri ya wazee wa mila ambayo mazungumzo yake ni ya siri. Sungusungu walipoenea katika eneo hilo katika miaka ya 1980 na 1990, walijishikiza katika miundo ambayo watu walikuwa nayo tayari. Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kuwa wizi wa mifugo wa karne ya 20 ulikwisha kuacha kuwa uvamizi wa kimila tu. Ulikuwa umefungamana na soko, na mpaka wa nchi mbili uliurahisishia njia.

Kwa mtazamo wa utunzi, baraza hili linapingana na Bwana Msa. Ukweli hautafutwi na mtu mmoja mwerevu bali na watu wanaofahamiana. Aghalabu mwizi si fumbo: wengi wanamjua, au wanadhani wanamjua. Kinachokosekana ni mtu wa kulitamka jina lake hadharani na kubeba matokeo ya kulitamka. Kiapo kinaingia hapo, si kama dalili ya kimaabara, bali kama njia ya kulifanya neno la mtu liwe na uzito kwake, kwa watoto wake na kwa ukoo wake. Taharuki ya riwaya ya Tarime, basi, haiwezi kuwa ile ya kuuliza nani ametenda. Itakuwa ile ya kuuliza nani atathubutu kusema.

5.2 Uamsho wa 1942

Mwaka 1942 Uamsho wa Afrika Mashariki, uliokuwa umeanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulifika Shirati. Shirati wakati huo ilikuwa ndani ya eneo lililokuja kuwa wilaya ya Tarime. Tangu 2007 imo katika wilaya ya Rorya. Alama kubwa ya uamsho huo kila ulikofika ilikuwa kuungama hadharani, na mara nyingi kurudisha kilichoibwa. Wamisionari hawakusalimika na wito huo. Nao waliungama mbele ya Waafrika. Zedekia Kisare, ambaye mwaka 1967 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa hilo, aliusimulia uamsho huo katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1984.

Tukio hili likitazamwa kwa jicho la mhakiki, linapindua msuko wa upelelezi. Katika riwaya ya upelelezi mkosaji hufichuliwa mwishoni, naye hukana mpaka ashindwe. Katika mkutano wa uamsho mkosaji anajifichua mwenyewe mwanzoni, na masimulizi ya maisha yake mapya ndipo yanapoanza. Maswali mazito yanazaliwa hapo. Mtu anayeungama wizi alioufanya pamoja na wenzake amewataja na wao? Je, ushuhuda wake kanisani ni ushahidi dhidi yao barazani? Mke anayeungama amefichua siri ya nyumba ya nani? Riwaya ya kihistoria inayostahili jina hilo ingekaa katika maswali haya, ambapo wokovu wa mmoja ni hatari kwa mwingine.

5.3 Mahali na kumbukumbu

Katika Serengeti tatizo lina sura nyingine. Jan Bender Shetler, katika mkusanyiko wake wa mwaka 2003 wa historia zilizoandikwa na wenyeji wa kusini ya Mara, na katika utafiti wake wa 2007 kuhusu mandhari ya Serengeti, ameonyesha kuwa kwa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangurimi historia imehifadhiwa katika mahali: kilima, chemchemi, mahame, na sehemu za mizimu ya nchi. Baadhi ya mahali hapo pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ambamo wazao wa wenye kumbukumbu hawaruhusiwi kuishi wala kuwinda.

Mtunzi akimhamishia Bwana Msa hapa bila kumbadilisha, atafanya kosa la kihistoria. Katika riwaya ya mwaka 1960 mzimu ulikuwa kifuniko cha uhalifu, na kuufunua kulikuwa ushindi wa akili. Serengeti, mzimu wa nchi ni pia kielelezo cha madai ya ardhi; ni hati ya watu wasiokuwa na hati. Muumini wa kwanza aliyeacha kwenda kutambika hapo hakuachana na ushirikina tu kama taarifa za misheni zingependa kusema. Huenda pia alijiondoa katika safu ya mashahidi wa mipaka ya ukoo wake. Huenda, kinyume chake, kijana asiyekuwa na sauti katika safu hiyo alipata kanisani nafasi ya kwanza ya kusimama na kusikilizwa. Jawabu halijulikani mpaka kila mmoja ahojiwe kwa haki.

6.0 Masharti ya Kiutunzi

Kutokana na uchambuzi huu, masharti matatu yanajitokeza kwa riwaya ya kihistoria ya imani katika eneo hili. Kwanza, ichukue kutoka riwaya ya upelelezi nidhamu ya kuwapima mashahidi wote kwa kipimo kimoja. Barua ya mmisionari iliyoandikwa kwa wafadhili wake ina lengo lake, kama vile simulizi ya ukoo ilivyo na lengo lake. Mpishi, mkalimani, mke wa pili na binti aliyekimbilia misheni wawe na haki ya kupingana na zote mbili.

Pili, ikatae hitimisho la upelelezi. Mauaji yana mwuaji. Kuamini hakuna sababu moja. Mtu huenda misheni kwa ajili ya dawa, akabaki kwa ajili ya kusoma, akaungama kwa ajili ya jambo ambalo hata yeye hawezi kulieleza. Mtunzi anayeichagua sababu moja na kuitangaza kuwa ndiyo, iwe ni neema au ni tumbo, amerudia kosa la kutoa hukumu kabla ya ushahidi.

Tatu, isiwafanye watu wa Tarime kuwa malighafi ya taharuki. Kuna mazoea, hata katika magazeti, ya kumtaja Mkurya kana kwamba jina lake na panga au ng'ombe wa wizi ni kitu kimoja. Riwaya ya upelelezi inaweza kuyakuza mazoea hayo kwa urahisi, na riwaya ya imani inaweza kuyatumia kama giza la kuinulia mwanga wake. Zote mbili zitakuwa zimewasingizia watu ambao mabaraza yao yamefanya kazi ya kutafuta haki muda mrefu kabla ya kituo cha polisi kujengwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa utengano wa riwaya ya upelelezi na riwaya ya kihistoria ya imani ni wa mazoea ya uhakiki zaidi kuliko wa hali halisi. Kiswahili kimeyaweka katika neno moja mambo ambayo wahakiki wameyatenganisha. Kazi iliyo mbele ya watafiti ni ya haraka kuliko ile ya kubuni nadharia. Watoto na wajukuu wa waumini wa kwanza wa Mara wangali wanakumbuka nani aliungama nini, kwa nani, na nini kilirudishwa. Wanafunzi wa uzamili wanaotoka Tarime, Rorya na Serengeti wana lugha za kuwahojia wazee hao, faida ambayo watafiti wengi waliowatangulia hawakuwa nayo. Kumbukumbu hizo zikikusanywa zikiwa na tofauti na mapingano yake yote, mtunzi wa kesho atakuwa na mashahidi wa kuwasikiliza. Zisipokusanywa, riwaya ya waumini wa kwanza itaandikwa hata hivyo, lakini kutokana na faili la upande mmoja.